Vazi la Chuma: Bampa la Pikipiki katika Mbulu na Hanang

Njia itokayo Babati kwenda Mbulu kwa kupitia Dareda huupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kupinda-pinda, na mwendesha pikipiki aipandaye wakati wa masika hujua ya kuwa kuanguka ni sehemu ya safari. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa huteleza kama sabuni. Upande wa pili, chini ya mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,400 na zaidi, udongo mweusi wa mbuga za Basotu hulishika gurudumu hata pikipiki ikalala ubavu pamoja na mtu wake. Kwa sababu hiyo pikipiki nyingi za wilaya hizi mbili zimefungiwa ubavuni mwa injini vyuma vilivyopindwa, kimoja kulia na kimoja kushoto, navyo waendeshaji huviita bampa, ingawa jina hilo kwa asili ni la motokaa. Kazi ya bampa ni kuanguka kwanza. Pikipiki ilalapo chini, chuma hiki ndicho kigusacho jiwe kabla ya injini, na kabla ya kanyagio la gia.

Chuma hicho hapana budi kivikwe kitu, maana chuma kitupu hakikai siku mbili nje bila kutu. Kivikwe nini? Mwenye pikipiki mpya hulijibu swali hili kwa jicho: hupenda king'aacho. Fundi hulijibu kwa mkono, kwa kile alicho nacho karakanani. Nayo historia ya nchi hizi ina jibu lake, ambalo ni la kale kuliko pikipiki, na ambalo yafaa lisikilizwe kabla ya kumpa fundi fedha.

Wadatooga, ambao Wabarabaigi wa Hanang ni tawi lao kubwa, walikuwa na wahunzi wao waitwao Gidang'odiga. Watu hawa walikuwa mbali na wenzao ingawa waliishi kati yao. Mfugaji hakuoa kwa mhunzi, wala hakumwozesha binti yake. Mikono yao iliogopwa, na chuma chao kilitamaniwa. Wadatooga na majirani zao Wairaqw walihitaji mikuki, visu, vichwa vya mishale na kengele za ng'ombe, na vitu hivyo vilitoka katika mivukuto ya ngozi ya mbuzi na makaa ya hao waliotengwa. Huko Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, ambako zamani kulihesabiwa katika Mbulu na leo ni Karatu, wahunzi wa Kidatooga wangali wanafanya kazi hiyo: huyeyusha kufuli kuukuu za shaba nyeupe wakafanya bangili, na misumari huigonga ikawa vichwa vya mishale, ambavyo Wahadza huvipata kwa kubadilishana asali.

Chuma kitokacho katika moto wa mhunzi huwa na ngozi nyeusi. Ngozi hiyo ni chuma kilichoungana na hewa katika joto kali, nayo huzuia kutu kwa muda. Lakini mkuki hunolewa, na pale unoapo ngozi huondoka, nacho chuma kikabaki uchi. Dawa yake miongoni mwa wafugaji ilikuwa mafuta ya mnyama. Mwenye mkuki aliupaka, mvua ikayaosha, akaupaka tena. Mafuta ni vazi duni kupita yote yatakayotajwa hapa. Hayazuii jiwe, wala hayazidi wiki chache. Hata hivyo yana sifa moja ambayo nyingi katika zile za kiwandani hazina, yaani mwenye mali aliweza kuyarudisha mwenyewe jioni ileile, bila kumngoja mtu wa mbali.

Mabaharia wa pwani walifuata akili hiyohiyo katika mbao. Jahazi lilipandishwa ufukoni wakati wa bamvua, likapakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, sehemu ya juu ya maji. Na chini likapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hakuna nahodha aliyedhani ya kuwa shahamu ingedumu. Alijua itakwisha, akajiwekea siku za kuipaka upya. Vazi lilihesabiwa katika gharama za chombo kama vile matanga na kamba.

Wajerumani walipojenga boma lao Mbulu, na mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipofika Tlawi, mwanzoni mwa karne ya 20, nchi ilikuwa ya nyumba za tembe, na zile za Wairaqw mara nyingi zilichimbwa ndani ya mteremko wa kilima hata paa likawa karibu sawa na ardhi. Pamoja na dola hizo za kigeni lilienea Afrika Mashariki vazi jipya la chuma, nalo ni bati. Ubunifu wake ulikuwa wa Ulaya. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya kukunja chuma kwa mawimbi mwaka 1829. Mfaransa Malouin alikwisha kueleza mwaka 1742 jinsi chuma kinavyoweza kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Na Mfaransa mwingine, Stanislas Sorel, akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda kwa hataza yake ya mwaka 1837.

Zinki hulinda kwa namna mbili. Kwanza hukifunika chuma kama rangi ifanyavyo. Pili, na hapo ndipo ilipo ajabu yake, hata ikikwaruzwa chuma kikaonekana, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma kizima. Humphry Davy alikwisha kuionyesha kanuni hiyo mwaka 1824, alipofunga vipande vya zinki na vya chuma kwenye shaba ya matumbo ya meli za kivita za Kiingereza ili shaba isiliwe na maji ya bahari. Basi paa la bati lenye mkwaruzo mdogo halianzi kutu papo hapo. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa kuwa litarudi karakanani.

Pikipiki nayo ilifika Afrika Mashariki ikiwa imevaa. Katika vita vya mwaka 1916, jeshi la Jenerali van Deventer liliposhuka kutoka Arusha kwenda Kondoa kwa kupitia Ufiome, mvua za Aprili ziliigeuza nchi hii kuwa tope, na farasi walikufa kwa wingi njiani. Na katika majeshi ya Afrika Kusini yaliyoletwa kupigana Afrika Mashariki mlikuwamo hata kikosi cha wapanda pikipiki. Pikipiki za miaka hiyo zilipakwa rangi nyeusi iliyokaushwa kwa moto, na usukani wake ulichovywa nikeli. Kromu ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920, ilipowezekana kuiweka juu ya nikeli kwa nguvu ya umeme katika biashara ya kawaida. Tangu hapo mng'ao wa samawati wa kromu ukawa ndiyo alama ya pikipiki ya fahari katika dunia nzima, na vyuma vya kinga, ambavyo polisi wa Marekani walivitumia katika miaka ya 1930, vilifuata desturi hiyo.

Lakini pikipiki ya kazi ilikwenda njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya Yamaha iliunda AG100 kwa ajili ya wakulima wa Australia, yenye vyuma vya kinga kwenye injini na hata kwenye mikono ya usukani, pamoja na vichukulio mbele na nyuma. Pikipiki hiyo ilienea baadaye katika Afrika mikononi mwa mabwana shamba, waganga na watu wa mashirika ya misaada. Ndiyo iliyowaonyesha watu wengi wa vijijini kwamba kinga ya chuma si pambo. Katika Hanang palikuwa na somo jingine la namna hiyo. Kuanzia karibu mwaka 1970 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano katika mbuga za Basotu na jirani zake, mashamba saba yaliyotwaa ardhi ya malisho ya Wabarabaigi ipatayo ekari 100,000. Dhuluma ya ardhi ile ilifika mahakamani, na yahitaji makala yake peke yake. Hapa inatosha kusema ya kuwa matrekta na mashine za kuvunia yaliyoinguruma nchi ile kwa miaka 20 na zaidi yalikuwa yamepakwa rangi nene tu. Hakuna kiwanda duniani kichovyacho jembe la trekta katika kromu.

Kisha ikaja bodaboda. Jina lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, nalo lilikuwa la baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Katika Tanzania pikipiki za abiria zilienea sana baada ya mwaka 2000, zilipoletwa kwa bei nafuu kutoka China na Bara Hindi. Na kanuni za mwaka 2010 zikazitambua rasmi kama chombo cha biashara. Boxer na TVS zikawa majina ya kawaida kama vile majina ya ng'ombe. Vijana wengi walizipata kwa mkataba: mwenye fedha hununua, kijana huendesha na kupeleka hesabu kila wiki mpaka bei itimie, ndipo chombo kiwe chake. Katika muda huo kila kitu kivunjikacho aghalabu ni juu ya kijana. Kifuniko cha injini kikipasuka kwa jiwe, oili humwagika, siku hukatika, na hesabu ya wiki haingoji.

Hapa yafaa kusema kweli ambayo wauzaji wa mabampa hawaipendi. Watu hudhani bampa hulinda mguu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Los Angeles na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California chini ya Harry Hurt, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguzwa ajali 900 mahali zilipotokea, ulionyesha ya kuwa vyuma hivi havipunguzi majeraha kwa jumla: kile kinachookolewa katika kifundo na unyayo hulipwa katika goti, muundi na paja. Agonganaye na lori hataokolewa na bomba la inchi moja. Bampa hulinda chombo, na pengine mguu wa yule alalaye taratibu katika tope. Kwa kijana wa mkataba, hata hivyo, kulinda chombo ni kulinda chakula cha nyumbani, na hiyo yatosha kuwa sababu ya kulifunga.

Lakini bampa lililoliwa na kutu kwa ndani si kinga hata ya chombo. Hukatika pale lilipochomelewa, na ncha yake iliyokatika huelekea injini, au huelekea mguu. Hapo ndipo uteuzi wa vazi unapoacha kuwa jambo la urembo.

Kromu ndiyo ipendwayo kuliko zote. Inang'aa, hufutika kwa kitambaa, na abiria huiona toka mbali. Ila kromu yenyewe ni utando usiofika unene wa elfu moja ya milimita, nao una nyufa zisizoonekana kwa macho. Kinga ya kweli ni nikeli iliyo chini yake. Nikeli haijitoi mhanga kama zinki. Ikitobolewa na jiwe hadi chuma, mambo hugeuka: chuma ndicho kiliwacho, na huliwa upesi zaidi katika kitundu kile kuliko ambavyo kingeliwa kikiwa kitupu. Kutu hutambaa chini ya mng'ao, utando ukavimba na kubanduka vipande vyenye makali. Tena kazi ya kuchovya kromu ni ya mapipa ya tindikali na umeme, yenye sumu iliyowatoboa pua na kuwapa saratani ya mapafu wafanyakazi wengi wa viwanda vya Ulaya na Marekani. Si kazi ya karakana ya Katesh wala ya Dongobesh. Bampa la kromu likikwaruzwa Haydom, halina wa kulirudisha karibu. Kwa kifaa ambacho kazi yake ni kukwaruzwa, hiyo ni kasoro kubwa.

Rangi ya unga, iliyobuniwa Ujerumani na Erwin Gemmer katika miaka ya 1950, ni bora kuliko kromu kwa pikipiki ya safari. Unga hunatishwa kwenye chuma, kisha huokwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 200, ukayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Wasafiri wa Ulaya wanaozunguka dunia kwa pikipiki kubwa hupenda kinga zilizovikwa hivyo. Ngozi hiyo hustahimili kokoto. Lakini ikipasuka mahali pamoja, maji huingia na kutu huenda chini yake kama mchwa chini ya mkeka, na mwenye chombo haoni kitu mpaka ngozi iinuke. Kuirudisha kwataka tanuri. Kwa mtu wa Mbulu, hapa pana swali lilelile la umbali.

Basi mafundi wengi wa kuchomelea hurudi kwa zinki, wala si kwa kuichagua, bali kwa kuwa bomba la maji lililochovywa zinki ndilo lipatikanalo dukani. Hukatwa, hupindwa, huchomelewa. Hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni ya fundi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa nyuzi 907, na moto wa kuchomelea umezidi hapo mara nyingi. Basi hupanda moshi mweupe ambao ukivutwa huleta homa ya jioni, baridi mwilini, kiu, na ladha ya chuma kinywani. Homa hiyo hupita kwa siku moja au mbili, lakini humrudia fundi kila avutapo tena moshi ule. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini kuwa ni dawa. Imani hiyo imekaa vema katika nchi ya ng'ombe, ila maziwa huenda tumboni, na moshi umekwisha kwenda mapafuni. Dawa ni kuikwangua zinki kwa msasa au grainda pale patakapochomelewa, na kufanya kazi nje, upepo ukipiga kutoka nyuma.

Hatari ya pili ni ya bampa. Pale moto ulipopita zinki imekwisha, napo ndipo kwenye kiungo, mahali pabebapo uzito wote wa anguko. Bomba linalong'aa kwa zinki urefu wote, lenye viungo vitupu vyeusi, limevikwa kila mahali ila pale palipohitaji. Asipopaka kitu hapo, kutu itaanzia hapo. Na katika njia zipitazo karibu na ziwa Balangida, ambako vumbi lina chumvi na magadi, itaanza mapema. Maana chumvi huvuta unyevu wa usiku na kuushika juu ya chuma, hata pasiponyesha.

Ndipo linapobaki vazi la mwisho, lidharauliwalo na wapenda mng'ao: rangi ya kopo na brashi. Chuma husuguliwa kwa brashi ya waya hata kutu yote itoke. Hupakwa rangi nyekundu ya msingi, ambayo mafundi huiita redi-oksaidi. Ikikauka hufuatwa na rangi nyeusi mara mbili. Rangi hii nyekundu ina jambo la kufikirisha. Wekundu wake ni wa chuma kilichoungana na hewa, maada ileile ya kutu, iliyosagwa na kutiwa katika mafuta. Ndiyo ngeu ambayo seremala wa pwani alipigia mstari, na ambayo Mmasai huchanganya na mafuta akajipaka mwilini. Kutu iliyokwisha kuwa kutu haiwezi kuliwa tena, kwa hiyo husimama kati ya hewa na chuma.

Rangi ya brashi hukwaruzika upesi kuliko zile zote, na hakuna haja ya kuficha. Mwaka wa masika mazito bampa laweza kupakwa mara tatu. Lakini kopo moja dogo lakaa chini ya kitanda, msasa huuzwa katika duka la vifaa la kila mji mdogo, na kazi yenyewe huhitaji alasiri moja isiyo na abiria. Mkwaruzo huonekana siku ileile uliotokea, mwekundu juu ya weusi, ukimwita mwenyewe. Ukiwekwa mezani mkwaruzo mmoja wa kila aina, wa kromu, wa unga na wa brashi, baada ya masika mawili ni ule wa brashi peke yake utakaokuwa umezibwa. Mwenye uwezo wa kupata bomba la zinki na kulivika rangi juu yake baada ya kuviziba viungo, huyo amepata lililo bora kupita yote, kwa sababu rangi huilinda zinki, na rangi ikikwaruzwa zinki hukilinda chuma mpaka Jumapili ya kupaka.

Waendeshaji wengine huliviringishia bampa mpira wa tyubu kuukuu. Mpira hupunguza kishindo na kuzuia mikwaruzo, na kwa siku za kiangazi hauna ubaya. Katika masika hushika maji kati yake na chuma, yasikauke, na bampa lililovikwa hivyo kwa miaka miwili huweza kufunuliwa likiwa jembamba kama utete. Afungaye mpira na aufungue kila baada ya mvua.

Kuna sehemu moja ambayo hakuna brashi iifikiayo, nayo ni ndani ya bomba. Unyevu huingia kwa ufa wa kiungo, ukageuka maji usiku wa baridi, na milimani Mbulu baridi hiyo si haba. Yakatuama pindoni, chini kabisa, mahali panapogonga jiwe. Fundi mzoefu huziba viungo pande zote kwa kuchomelea, ama, akishindwa kuviziba vyote, hutoboa kitundu kidogo kwa keekee katika lile pindo la chini, na kabla ya kulifunga bampa humimina ndani oili chafu iliyotolewa katika injini, akaligeuzageuza bomba mikononi mpaka oili ipite kila upande, kisha akaliegemeza ukutani ili ibakiyo ichuruzike.